Makopo ya Maneno ya Baba

Baba yangu alikuwa akitunga fumbo la maneno la gazeti moja la Jumapili, lile la miraba myeupe na myeusi, maneno mengine yakienda kulia na mengine yakishuka chini. Alilitunga kwa miaka tisa bila kukosa wiki hata moja, na katika miaka yote hiyo hakunipa jibu hata moja. Ukimwuliza alikuwa akikutazama juu ya miwani, akiendelea kunywa kahawa yake kana kwamba hupo. Alikuwa mtu mgumu. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakiisikia habari hii hutaka kumfanya yeye malaika na mimi shetani, na mambo hayakuwa hivyo. Mimi nilikuwa na kiherehere tu. Kiherehere kilitosha.

Alikuwa amestaafu ukarani wa forodha pale Bagamoyo, na nyumba yetu ilikuwa mtaa wa nyuma, mkabala na msikiti. Katika kabati la sebuleni aliweka makopo: ya maziwa ya unga, ya biskuti, ya kahawa. Juu ya kila kifuniko palikuwa na tarakimu. Kopo la tatu lilikuwa na maneno ya herufi tatu, la nne maneno ya herufi nne, hivyo hivyo mpaka kumi na mbili. Neno likimjia sokoni, au katikati ya hotuba ya Ijumaa, Mungu amsamehe, aliliandika kwenye kijikaratasi chochote kilichokuwa karibu na akirudi akalitia koponi mwake. Kulikuwa na vijikaratasi vya pakiti za sigara, vya kalenda zilizopita, vya majani ya chai, na vingi vilivyokatwa kutoka fomu za forodha zenye mistari ya buluu.

Vyote aliviandika kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa pwani walivyokuwa wakiandikiana barua. Herufi za Kizungu zilikuwa za ofisini na za gazetini. Alipokuwa peke yake aliandika kama alivyofundishwa chuoni na mwalimu wake wa Kurani. Fumbo lenyewe alilijaza kwa herufi za gazeti, kwa wino, bila kufuta. Alianza Jumatatu akamaliza Alhamisi, na Ijumaa likapanda basi kwenda Dar es Salaam ndani ya bahasha.

Mimi wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nafanya kazi Dar kwenye ofisi iliyokuwa na kompyuta. Watu wa siku hizi hawawezi kuelewa ukubwa wa jambo hilo. Mashine ilijaza chumba kizima, ilikuwa na kipozahewa chake wakati sisi wafanyakazi tulikuwa tunatokwa jasho, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu vyenye mchanga. Kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi. Unakaa mbele ya mashine kama ya taipu, unabonyeza herufi, na kadi inatobolewa matundu ambayo kompyuta itayasoma. Nilikuwa binti wa Bagamoyo mwenye mshahara na chumba cha kupanga Magomeni, na kila Jumamosi nikirudi nyumbani nilijiona nimebeba dunia mpya kwenye mkoba.

Baba alipigwa na kiharusi mwezi wa Shaaban. Upande wa kulia ukalala wote, na maneno yakamtoka. Sauti ilikuwepo, ila kilichotoka hakikuwa alichokitaka. Alitaka maji akasema godoro. Alimwita shangazi, dada yake aliyekuwa anamuuguza, akasema kandili, kisha akajisikia mwenyewe alivyosema na machozi yakamtoka. Baada ya siku chache aliacha kujaribu.

Shangazi ndiye aliyenisimulia kilichofuata. Asubuhi moja baba alimwonyesha kabati kwa mkono wa kushoto. Akamletea kopo moja baada ya jingine mpaka akafika la nne. Baba akachakura humo kwa muda mrefu, kama anayetafuta sindano, akatoa kipande cha kalenda. Shangazi akakisoma: maji. Akamletea maji. Alisema wote wawili walikaa pale na kikombe katikati yao, wakalia.

Na hapa pana jambo la kuelewa. Shangazi hakujua kusoma herufi za Kizungu. Alihitimu Kurani akiwa msichana mdogo, na kwa herufi hizo aliweza kusoma barua ya mtu yeyote, lakini kuandika hakufundishwa, kwa sababu siku zao iliaminika msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume. Basi vile vijikaratasi vikawa ndiyo lugha ya watu wawili hawa. Mvua ikinyesha, baba alipanga vitatu juu ya shuka: mvua, paa, ndoo, na shangazi akaenda kutega ndoo. Mimi nilipokuja Jumamosi moja aliniwekea kimoja kilichosema mifupa, akaninyooshea kidole. Kisha akaweka cha pili: chakula. Nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu augue, nusu ya uso wake iliyokuwa nzima ikacheka nami.

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua baba anazungumza kwa makopo.

Kilichonitia wazimu kilikuwa barua kutoka gazetini. Waliandika kwa adabu kwamba fumbo halijafika wiki tatu, wanamtakia mzee afya njema, na lisipofika mpaka mwisho wa mwezi ujao nafasi yake atapewa mtunzi mwingine. Niliisoma sebuleni kwa sauti, mjinga mimi, na baba akasikia. Alifumba macho. Nikajiapiza palepale kwamba nafasi ile haitachukuliwa na mtu.

Ofisini kwetu palikuwa na kijana aliyetoka kusoma ng'ambo, mtunga programu, yaani yule anayeiandikia mashine amri zake moja moja. Nilimweleza habari ya fumbo. Macho yalimng'aa. Alisema jambo hilo linawezekana: mashine ikipewa maneno ya kutosha na mchoro wa miraba, itajaribu neno hili na lile, lisipoingiana na jirani yake italitoa na kuweka jingine, mpaka miraba yote ijae. "Kinachotakiwa ni maneno tu," akasema. Maneno nilijua yalipo.

Jumamosi iliyofuata nilifika nyumbani na gunia dogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Gunia la nini?"

"Nachukua karatasi za baba. Naenda kuzitia kwenye kompyuta, zisipotee. Wiki tatu, narudi nazo."

Shangazi aliacha kupepeta mchele. "Na hizo wiki tatu kakangu ataniambia nini?"

"Si unamjua, shangazi. Utamwelewa tu."

"Sikiliza, mwanangu. Mtu hafungwi mdomo wiki tatu kwa ajili ya gazeti."

Nilimjibu kwamba gazeti ndilo litakalomponya, kwamba mgonjwa akiona kazi yake ipo atapata nguvu. Nilikuwa na majibu mengi siku zile. Nikamimina kopo baada ya kopo ndani ya gunia, nikifunga kila fungu kwa uzi ili nisichanganye. Baba alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake wa kushoto. Alinishika kwa nguvu, na mimi nikaubusu mkono wake nikidhani ananitakia safari njema. Shangazi alikuwa amekwisha kujichukulia vichache na kuvifunga kwenye pindo la kanga: maji, chai, choo, maumivu. Hakuniambia mpaka baadaye.

Nilitoboa kadi kila alasiri baada ya kazi. Herufi za Kiarabu nilikuwa nazisoma polepole, nilitoroka chuo mapema, kwa hiyo nilikaa na kila kijikaratasi kama mtoto na ubao wake. Kulikuwa na maneno ambayo sijawahi kuyasikia. Kulikuwa na matone ya kahawa. Katika wiki ya tatu kadi zikaingizwa mashineni, na yule kijana akaipa mchoro wa fumbo mojawapo la zamani la baba, limeachwa tupu. Mashine ilivuma, na kabla sijamaliza chai yangu ikatapika karatasi yenye miraba iliyojaa. Baba alihitaji siku nne kwa hilo. Maneno yote yaliingiana barabara. Mashine haikujua maana ya hata moja, ila iliyapanga kwa usahihi, na mimi nikapiga makofi.

Ilitoa pia orodha: maneno yote ya baba, yamepangwa kwa urefu, kisha kwa alfabeti, herufi kubwa, karatasi ndefu zilizokunjana kama bati. Niliipenda orodha ile. Niliona hicho ndicho nitakachomrudishia: hakuna kuchakura tena, hakuna vipande vya sigara, kila neno na mahali pake.

Msimamizi wetu alikuwa amechoka kuliona lile gunia chumbani. Aliniambia niliondoe kabla mfagiaji hajalipeleka jalalani. Na hapo ndipo malezi mema yaliponiangamiza. Mtu mwingine angeacha mfagiaji alichukue, na pengine angelikuta siku ya pili limetupwa uani, likiwa zima. Lakini mtoto wa kwetu hatupi jalalani karatasi yenye herufi za Msahafu, hata kama kilichoandikwa ni pilipili. Inasitiriwa. Inazikwa mahali pasafi au inatiwa baharini. Nilichukua udhu, nikaenda ufukweni wakati maji yanatoka, nikaingia mpaka magotini, nikaviachia vile vijikaratasi fungu kwa fungu. Karatasi za forodha zilielea kidogo kisha zikalegea. Nakumbuka nilijisikia nimefanya jambo la thawabu.

Nilifika Bagamoyo na orodha chini ya kwapa na gazeti mkononi, lenye fumbo la kwanza lililotungwa na mashine, vidokezo nimeviandika mwenyewe. Baba alikuwa amekalishwa kitandani kwa mito. Aliponiona alinyoosha mkono, si kwangu, kwenye mkoba. Nikampa gazeti. Alilitazama kwa muda. Nilikuwa nasubiri atabasamu. Shangazi ndiye aliyegundua.

"Mbona amelishika juu chini, picha zote zimepinduka?"

Nililigeuza. Akalitazama vilevile, kama mtu anavyotazama ukuta. Nikamfunulia orodha, nikaweka kidole kwenye neno MAJI, kubwa, jeusi, haliwezi kukosewa. Alikitazama kidole changu. Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba yapo maradhi ya aina hiyo, yanachukua maandishi ya ofisini yakamwachia mtu yale aliyofundishwa kwanza utotoni. Lakini siku ile hapakuwa na daktari. Palikuwa na mimi na karatasi zangu kama bati.

"Vijikaratasi viko wapi?" shangazi akauliza.

"Nimevisitiri, shangazi."

"Umevisitiri wapi?"

"Baharini."

Baba masikio yake yalikuwa mazima, tangu mwanzo yalikuwa mazima. Aliugeuza uso ukutani, polepole, kwa shingo tu, kwa sababu mwili haukumfuata.

Nilijaribu kutengeneza. Majuto ni mjukuu, na mimi wa kwangu nilimlea kwa bidii. Niliandika upya maneno mia mbili kwa herufi za Kiarabu, kwenye kadi tupu za ofisini. Mwandiko wangu ulikuwa wa kuku, lakini ulisomeka, shangazi aliusoma. Tulizipanga mbele yake. Alizigeuza moja moja akitafuta nyuma yake, pale palipokuwa na picha ya sigara au mstari wa buluu, na nyuma hapakuwa na kitu cha kumkumbusha. Zote zilikuwa za ukubwa mmoja na rangi moja. Baada ya kumi hivi aliuweka mkono wake juu ya paja, na hakuunyanyua tena kwa ajili ya kadi zangu.

Shangazi alinivuta uani siku hiyo. "Muombe radhi baba yako," akasema. "Kwa mdomo wako. Ingia ndani, piga magoti, sema baba niwie radhi. Atatikisa kichwa kukubali, yaishe."

"Na asipotikisa?"

"Basi utajua."

Hilo la kujua ndilo nililoliogopa. Kwetu mtoto asiye na radhi za mzazi hana kitu. Atasoma, atapata mali, atakwenda Maka, na bado hana kitu. Nilizitaka radhi za baba kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote. Lakini nilitaka zije zenyewe, zitoke kwake, bila mimi kusimama mbele yake nikiwa uchi wa maneno. Nikabuni njia. Niliwaza, mashine inajaza miraba kwa kujaribu neno moja moja mpaka lililo sawa linakaa. Nami nitafanya vivyo hivyo. Nitamsomea orodha, neno baada ya neno, na analolitaka atalikubali.

Nikaanza Jumapili, baada ya uji wa asubuhi. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake, orodha mapajani, nikaanza na herufi tatu. Baba alisikiliza macho yamefumba. Nilipofika uji alinyanyua kidole. Shangazi alikimbia kumletea, akanywa vijiko vitatu zaidi. Nilimwambia shangazi njia inafanya kazi.

Jumapili ya pili tulimaliza herufi nne tukaingia tano. Najua hasa nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nimeitazama orodha ile kwenye basi njia nzima. Nilisoma pweza. Nikasoma radhi. Hapo nikanyamaza kidogo, muda wa kuvuta pumzi mbili, nikamtazama. Alifumbua macho, akanitazama. Kidole kilikuwa juu ya shuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, naye akasimamisha ufagio. Kisha baba akafumba macho tena, na mimi nikasoma rangi, kwa sauti ileile, kama karani.

Baada ya maneno kadhaa nilisoma shuka, akanyanyua kidole, tukamfunika miguu. Nilijiambia kwamba pengine lile lingine hakulisikia vizuri.

"Hukumuomba," shangazi aliniambia nikiwa naondoka. "Umemsomea tu."

Jumapili ya tatu nilichelewa kufika, barabara ilikuwa imejaa maji. Baba alikuwa amekonda, mashavu yameingia. Shangazi alisema tangu jana hataki hata chai, na kwamba ningemwacha apumzike. Nilisema ya herufi sita tulishayamaliza Jumapili iliyopita na ya saba ni machache, tutayamaliza kabla ya adhuhuri. Nilisoma haraka, mdomo ukinikauka. Yeye alikuwa ametulia. Nikafika kwenye N. Nyakati. Nyamaza.

Kidole kikanyanyuka. Hakikunyanyuka tu, mkono mzima ulinyanyuka, ukapiga shuka, ukapiga tena.

Nilichukua kalamu nikaandika pembeni: nyamaza. Nilidhani ni neno la kwanza la sentensi. Baba ana jambo refu la kusema, nikawaza, na hili ndilo mwanzo wake, sasa tutafute la pili. Nikafungua kinywa nikasoma nyaraka.

Shangazi alikuja akaniondolea orodha mapajani. Hakuivuta kwa hasira. Aliikunja kwa mikunjo yake, akaiweka sakafuni.

"Kakangu amekwisha kusema," akasema.

Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Nilikuwa na ulimi, meno na sauti, na baba alikuwa karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi zake. Ningeweza kusema baba niwie radhi. Maneno matatu tu, mtoto wa miaka minne anayaweza. Nikaona nimeamriwa kunyamaza na sasa angalau nitatii, nikajificha ndani ya utii huo. Alasiri nikapanda basi kurudi kazini.

Alifariki Jumatano. Nilifika ameshakoshwa.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya hitima, wazee walikaa barazani na sisi wanawake tulikuwa ndani ya ukumbi, mlango wazi. Mzee mmoja wa ukoo, aliyekuja kutoka Pangani, aliuliza kwa sauti ya kusikika kote, kama ilivyo desturi, kama marehemu aliwawia radhi watoto wake kabla hajaondoka. Watu wakageuka kunitazama, mimi mtoto pekee. Shangazi akajibu kutoka pembeni yangu, macho yake yakiwa kwenye tasbihi.

"Mtoto alikuwa kando yake," akasema. "Neno lake la mwisho alimwambia yeye."

Wazee wakasema alhamdulillahi. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu alinikumbatia, akaniambia nina bahati, kwamba wengi hawalipati hilo. Hakuna aliyeuliza lilikuwa neno gani. Nikamshukuru, na mtu akaanza kugawa kahawa.